Wi Jong-tae na Namba ya Saa Moja Asubuhi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Wi Jong-tae, msimamizi wa chumba cha mbegu katika Ushirika wa Mwani wa Neulpo, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Aliajiriwa tarehe mosi Aprili 1991, akiwa na miaka ishirini na sita na nywele nyingi kichwani. Asiyeamini habari ya nywele aje ofisini, picha ipo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusugua magamba ya chaza. Sisi wa Neulpo tumekulia humo, lakini wajukuu wetu walioko Seoul nao husoma jarida hili, basi niseme kidogo. Mbegu ya gim, mwani wetu wa kuliwa, hujificha ndani ya magamba hayo, ikakaa kwenye matangi ya maji ya bahari majira yote ya joto. Vuli ikifika magamba hutundikwa chini ya nyavu baharini, mbegu itoke na kushika kamba. Ikishika vizuri tunavuna mwani hadi Aprili. Isiposhika, mwaka umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo anayelea magamba ameshika maisha ya nyumba arobaini na moja, na Bwana Wi aliyalea akilijua hilo. Aliyasemesha kwa adabu zote, "Amkeni waheshimiwa, maji yanabadilishwa," ilhali wajumbe wa bodi aliwaita kwa majina yao matupu.

Mwaka 1998 alifanywa msimamizi. Hakubadilisha chochote isipokuwa buti. Kimbunga kilipokata umeme siku mbili na pampu zote zikazima, yeye na mkewe, Bi Ok-ryeon, waliyakoroga matangi kumi na mawili kwa makasia, wakipokezana, mpaka fundi akafika. Hakuna gamba hata moja lililokufa. Bi Ok-ryeon anasema bega lake la kulia linamkumbusha kila mvua ikikaribia, na kwamba ushirika bado haujamshukuru. Bi Ok-ryeon, asante sana. Sasa imeandikwa.

Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa ubao. Kila siku saa moja asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, alikwenda kwenye nguzo ya tatu ya gati, akateremsha kipimajoto majini, akahesabu dakika tatu, akaandika joto la maji daftarini, kisha akaja kuliandika kwa chaki kwenye ubao ulio ukutani mwa kiwanda cha barafu. Saa moja aliichagua mwenyewe. Mnada wa samaki huisha muda huo, na yeye alikuwa akisaidia mnadani, basi akitoka hapo anapitia gatini. Watu nao wanakuwa wanarudi majumbani, wanaisoma namba njiani. Namba tu. Hakuwahi kuandika neno. Mara tatu alianguka majini, na mara ya tatu wavuvi walimkuta amezama hadi shingoni, mkono mmoja juu, kipimajoto salama. Daftari la siku hiyo linasema nyuzi tisa nukta nne, na pembeni: "Kweli ni baridi."

Akina mama tuliofanya naye kazi tuna la kwetu. Mwaka juzi mwanangu alikuwa na meno yanaota na mimi sikuwa nimelala siku sita. Bwana Wi aliniangalia mara moja tu, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitambaa kama bibi wa zamani, akaenda naye kupima bahari. Namba ya siku ile imepinda, maana mwandishi alikuwa anavutwa masikio.

Nimeombwa niandike mambo ya furaha tu, niiruke Septemba iliyopita. Samahani kwa walioniomba. Kumuaga Bwana Wi na kuiruka Septemba ni sawa na kufunga mizigo ya mtu ukamwachia viatu mlangoni. Na nikiitazama vizuri, hata Septemba yenyewe ni jambo la furaha.

Majira ya joto ya mwaka jana hayakutaka kuondoka. Septemba iliingia na bado tunalala na feni. Hapa Neulpo nyavu huingia baharini siku ya Chubun, mchana na usiku vinapolingana. Walifanya hivyo baba zetu, wakafanya na baba zao. Mbegu nayo inataka maji yaliyopoa chini ya nyuzi ishirini na mbili, na zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, hakuna aliyelazimika kuchagua. Siku kumi na tatu kabla ya Chubun, Bwana Wi aliandika ubaoni nyuzi ishirini na tano nukta mbili, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu, akaongeza neno: "Tusubiri."

Neno hilo moja lilitugawa.

Kapteni Bae Chil-bok, ambaye nyavu zake ni nyingi kuliko za mtu yeyote upande wa kaskazini, alisimama mbele ya ubao kapu lake la samaki likiwa bado mkononi. "Jong-tae," alisema, na watu wote wa mnadani walisikia, "kazi yako ni namba. Maneno tuachie sisi."

Tukawa watu wa Chubun na watu wa kusubiri. Watu wa Chubun, Kapteni Bae mbele yao, walisema joto huja na kuondoka. Mwaka tisini na nne tuliungua kuliko hivi na mwani ulipatikana. Kama bahari imebadilika, walisema, basi ni ule ukuta wa kuzuia maji uliojengwa kusini ukafunga mkondo, na hizo habari za dunia kupata joto ni za watu wa televisheni wasiojua hata wavu unafungwaje. Watu wa kusubiri waliongozwa na Tak Hyeon-u, kijana aliyerudi kutoka Gwangju kurithi nyavu za baba yake. Wao walisema tabianchi imebadilika, inabadilika, na itaendelea kubadilika hata sisi tukiapa kwa makaburi ya babu zetu.

Mabango ya vitambaa yakatundikwa njia panda. La kwanza lilisema: "Babu zetu hawakuwa na kipimajoto." Kesho yake, kwenye nguzo zilezile, chini yake: "Babu zetu hawakuwa na bahari hii." Sikukuu ya Chuseok ikaingia katikati ya ugomvi. Najua nyumba moja ambayo wake wa ndugu wawili walikanda songpyeon, vikate vya mchele vya sikukuu hiyo, kwenye mabeseni mawili tofauti, mmoja anatazama dirisha, mwingine anatazama friji.

Kapteni Bae si mtu wa kubisha hewani. Alikuja ofisini na miwani yake ya kukuzia, akaomba madaftari, akakaa siku nzima akisoma. Kwenye mkutano wa kwanza ukumbini alisimama akiwa amelishika daftari juu.

"Jumatatu mpaka Jumamosi bahari imetulia," alisema. "Jumapili inaruka nyuzi moja na zaidi. Jumatatu inashuka tena. Wiki hii, wiki ile, mwaka huu, mwaka jana. Niambieni jamani, ni bahari gani inapata homa kila Jumapili? Inakwenda kanisani?"

Ukumbi ulicheka. Watu wa Tak walicheka pia, mimi nilicheka, na mchungaji wetu alicheka kuliko wote. Ilikuwa kweli, iliandikwa pale kwa mkono wa Bwana Wi mwenyewe. Siku zote yeye alidhani ni kwa sababu Jumapili boti hazitoki kukoroga maji, na hakulifikiria zaidi ya hapo.

Yeye hakucheka. Alisimama akasema, "Kaka Bae ameuliza swali zuri. Jibu sina. Naomba boti yako."

"Yangu ya nini?"

"Ukiipima wewe, hakuna atakayesema nimeongopa."

Siku nane walitoka pamoja kwenye boti ya Kapteni Bae, saa moja asubuhi, Kapteni ameshika kipimajoto na Bwana Wi ameshika kalamu. Walipima nguzo ya tatu, kisha mahali palipo mbali na gati mara tatu ya urefu wa boti, kisha kwenye nyavu zenyewe nje huko. Walibishana njia nzima. Sauti zao tulizisikia kutoka gatini.

"Ukuta wa kusini huo, Jong-tae!"

"Ukuta una miaka ishirini, Kaka. Mbona unapasha joto mwaka huu?"

"Wewe andika, usinifundishe!"

Siku mbili za kwanza, namba zilipotofautiana, kila mmoja alimlaumu mwenzake. Siku ya tatu walitafuta sababu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mnada. Nguzo ya tatu ilisema nyuzi ishirini na nne nukta tano. Mbali kidogo na gati, ishirini na tano nukta saba. Wakarudi nguzoni, wakapima tena, na hapo Kapteni Bae akainama, akatazama chini ya gati, akaona bomba linamwaga maji. Ukumbi wa mnada ulipojengwa upya mwaka 2008, mfereji wake ulipitishwa chini ya gati. Mnada ukiisha, masanduku ya barafu humwagwa na sakafu huoshwa, saa moja kamili, na maji yote ya barafu yanatokea nguzo ya tatu. Jumapili hakuna mnada.

Kwa miaka kumi na sita, siku sita kwa wiki, Bwana Wi alikuwa anapima barafu ya samaki. Bahari haikuwa na homa ya Jumapili. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku pekee ya kweli, na maji yetu yalikuwa na joto kuliko ubao ulivyokuwa ukituambia.

Unaweza kudhani watu wa kusubiri walifurahi. Tak Hyeon-u alimfuata chumba cha mbegu, nami nilikuwepo nikihesabu magamba. "Mjomba," alisema, "usiseme sasa. Ngoja kura ipite. Ukisema ulikosea miaka kumi na sita, nani atakuamini hata ukisema maji yana chumvi? Nyavu zitaingia zote Chubun, tumekwisha."

Hayo hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye nyavu mia mbili na mtoto wa miezi minne, na ninaijua hofu ya namna hiyo. Bwana Wi aliendelea kupangusa gamba alilolishika.

"Hyeon-u," alisema, "nikificha hili, namba ya kesho nitaiandika kwa uso gani?"

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vipaza sauti vya kijiji vilikoroma. Tulidhani ni tangazo la takataka. Ilikuwa sauti yake, na aliongea kama mtu anayesoma barua ya hospitali. "Wenzangu wa Neulpo, huyu ni Wi Jong-tae wa chumba cha mbegu. Tangu mwaka 2008, namba zangu za siku za mnada zina kosa. Nilisimama penye maji ya barafu. Hakuna aliyenifanyia hivyo, nilisimama mwenyewe. Namba za Jumapili ni sahihi. Naomba radhi. Mwani wenu ukipata shida kwa sababu yangu, nipo nyumbani." Kisha akasahau kuzima, tukamsikia Bi Ok-ryeon: "Basi, umemaliza? Njoo ule."

Siku hiyo ilikuwa ngumu. Kuna mtu alifuta ubao. Kuna mtu, simtaji, alisema dukani kwa sauti kubwa kwamba mzee amepikiwa sherehe ya kumuaga na sasa amejipakulia aibu mwenyewe. Wengine wa Chubun walifurahi, wakasema madaftari yakafungiwe maandazi. Aliyewanyamazisha ni Kapteni Bae. "Nani kati yenu," aliuliza, "amewahi kujitangaza kwenye kipaza sauti? Mimi nina miaka sitini na nne na sijawahi kukiri hata kwa mke wangu kwamba nilipotea njia."

Bwana Wi hakukaa nyumbani kusubiri kulaumiwa. Alikuja ofisini na rula, akaanza kuzitoa Jumapili, moja moja, kutoka miaka kumi na sita, na za kabla ya 2008 akazichukua Jumapili vilevile ili ulinganifu uwe wa haki. Tulimsaidia watatu. Mtoto wangu alilala juu ya mifuko ya nyavu. Ilikuwa kazi ya kuchosha macho, na ilipokwisha tulikuwa na karatasi moja ndefu, wiki ya Chubun ya kila mwaka tangu 1991. Namba za mwanzo zilicheza karibu na ishirini na mbili. Kisha zinapanda, zinashuka kidogo, zinapanda. Za mwisho zilikuwa ishirini na nne, ishirini na tano. Hapakuwa na mstari ulionyooka, na Bwana Wi alikataa kuunyoosha. Mwaka mmoja ulikuwa baridi sana na Tak alitaka tuuweke pembeni. "Uache," alisema Bwana Wi. "Nao ulikuwa mwaka wetu."

Karatasi ile ilibandikwa ukumbini siku mbili kabla ya Chubun. Watu walisimama mbele yake muda mrefu, kila mmoja akitafuta mwaka wake: mwaka aliooa, mwaka mwani ulipooza, mwaka aliozaliwa mtoto. Mkutano ulipoanza, Kapteni Bae aliomba kusema kwanza.

"Sikubali hata nusu neno la hao wa televisheni," alisema. "Ukuta ule nitaulaumu mpaka nife, na mkinizika upande wa kusini nitaendelea kuulaumu. Lakini kipimajoto nilikishika mimi. Kwa mkono huu. Nje huko maji ni ya kuoga. Nyavu zangu zinabaki ghalani."

Kura ilikuwa thelathini na nne kusubiri, saba kupeleka. Ushirika haumlazimishi mtu, basi wale saba walipeleka nyavu siku ya Chubun kama walivyoamini. Wengine tulikaa mikono mapajani wiki tatu, na hizo zilikuwa wiki ndefu. Maji yalishuka chini ya ishirini na mbili tarehe kumi na nne Oktoba, tukatoka wote.

Kati ya saba, watatu nyavu zao zilishika, kwa kuwa ziko penye mkondo mkali, na hilo nalo tumeliandika. Wanne walipoteza chipukizi zote. Walikuja chumba cha mbegu mmoja mmoja, wakisimama mlangoni. Bwana Wi alikuwa amewaachia matangi mawili ya magamba, hakuyagawa, hakumwambia mtu. Aliwafungulia mlango akasema, "Chukueni haraka, maji ni mazuri leo." Hakuna aliyesikia kutoka kwake "niliwaambia." Nilingoja kulisikia, kwa kweli nililitamani kidogo, halikuja. Nyavu za nyumba zote arobaini na moja zilivunwa msimu huu.

Basi hiyo ndiyo kazi aliyotuachia. Sasa kipimo kinafanyika nje, kwenye boya, mbali na bomba, na kanuni ya ushirika inasema nyavu zinatoka maji yakikaa chini ya ishirini na mbili siku tatu mfululizo. Kila asubuhi wanakwenda watu wawili, mmoja wa Chubun na mmoja wa kusubiri, na namba haiandikwi ubaoni mpaka wote wawili wameisoma. Kapteni Bae na Tak Hyeon-u wana zamu ya Jumanne. Wanarudi wamefura wote wawili, mmoja anataja ukuta, mwingine anataja moshi wa viwanda vya dunia nzima, na wanaandika namba moja.

Bwana Wi, ofisi nzima, nyumba arobaini na moja, na akina mama wote uliotupokelea watoto mikononi, tunakushukuru. Hukutupatanisha. Kuhusu sababu bado tunabishana, sokoni, mezani, kanisani, na huenda tutabishana mpaka hawa watoto wetu wawe na nyavu zao. Kuhusu namba hatubishani tena, maana mbele yetu sote ulikubali kwamba yako ilikuwa na kosa. Wewe na Bi Ok-ryeon mwende milimani vuli hii mkaone majani yakigeuka, mambo ambayo kazi yetu iliwanyima kila Septemba na kila Oktoba. Mle vizuri, mlale mpaka jua lipande. Siku zenu ziwe nyingi na ziwe nyepesi. Bahari tuachie, tutaipima.

Pyo Mi-ran, kwa niaba ya wafanyakazi wa chumba cha mbegu na ofisi